Naombeni ushauri: chunusi za ndani kwa ndani, haziivi wala haziishi

NahodhaKirumba: Wakuu habari za jioni. Nina chunusi, ila siyo hivi vipele vya kawaida. Ni mafundo makubwa chini ya ngozi, kwenye taya na mashavu, nikilalia mto yanauma. Hayatoi kichwa. Yakiondoka yanaacha mashimo na madoa meusi. Sabuni ya salfa nimetumia, doksisaiklini ya duka la dawa nimemeza, hakuna kitu. Kazi yangu ni ya kuonana na watu. Je, ni kweli kuna vidonge vinavyomaliza kabisa? Matusi hapana.

Mzee wa Igoma: Acha sangara wa kukaanga, mkuu. Uso wote huo ni mafuta.

Ng'wana Malimbe: Mzee, sangara umemsingizia. Homoni zinachochea tezi za mafuta, tundu la unywele linaziba, bakteria wanastawi humo, halafu ukuta wa tundu unapasuka kwa ndani. Uvimbe uko chini sana, sabuni itaufikia wapi? Usiminye, ndiyo mwanzo wa makovu. Mkuu, hivyo vidonge unaulizia tu au unavyo?

Kijana wa Buzuruga: Oa mkuu, zitaisha zenyewe 😂

Mama Kulwa: Mimi yalinikuta kwa ajili ya mkorogo. Nilipewa kikopo hakina hata jina, uso ukatakata, mashoga wakaanza kuniuliza siri. Kumbe ndani mna steroidi. Nilipoacha tu, vipele vikafumuka paji zima, na send-off ya mdogo wangu kule Magu ndiyo hiyo imefika. Nilikaa jikoni na wapishi mpaka wageni wakaondoka. Picha za siku ile simo hata moja, mama mpaka leo ananisema. Kwa hiyo sema ukweli, unapaka nini?

NahodhaKirumba: Sipaki mkorogo, na mimi ni mwanamke, msiniite mkuu. Vidonge ninavyo. Isotretinoini ya miligramu 20, nimeletewa kutoka Kampala. Nimeshaanza kimoja kwa siku. Midomo inapasuka, nataka kujua nipake nini.

Ng'wana Malimbe: Midomo ni jambo dogo, vaselini inatosha. Dada, una mchumba? Na doksisaiklini umeacha?

NahodhaKirumba: Mchumba anahusianaje na uso wangu?

Ng'wana Malimbe: Anahusiana sana. Jibu.

NahodhaKirumba: Haya. Harusi ni Desemba. Mama mkwe ameshasema anataka mjukuu mapema. Nitameza miezi miwili tu, ngozi ikitulia naacha, mtoto atakuja baadaye. Aliyeniletea ametumia na uso wake sasa hivi ni laini. Doksi nameza zilizobaki, nisizitupe bure.

Ng'wana Malimbe: Nimefanya kazi famasi muda mrefu, naomba unisikilize. Hiyo dawa ni nzuri kweli kwa chunusi za aina yako, Marekani waliiruhusu tangu 1982. Lakini mimba ikiingia ukiwa unaimeza, mtoto anaweza kuharibika ubongo, moyo, masikio. Ndiyo maana mwanamke hupimwa mimba kabla ya kuanza na kila mwezi, na anazuia mimba kuanzia mwezi mmoja kabla hadi mwezi mmoja baada ya kumaliza. Ini na mafuta ya damu navyo hupimwa. Doksisaiklini ondoa leo hii: zikikutana hizo mbili zinaweza kupandisha presha ndani ya fuvu, kichwa kikauma na macho yakaona ukungu.

Na hesabu yako ya miezi miwili haipo. Dozi kamili kwa kawaida ni miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito. Ukiwa na kilo 60, kwa kidonge kimoja cha 20 kwa siku, ni karibu mwaka mzima au zaidi. Tena wiki za mwanzo chunusi zinaweza kuzidi. Hiyo Desemba unaweza kuingia ukumbini uso umevimba kuliko sasa.

NahodhaKirumba: Kwa hiyo nirudi kwenye sabuni? Nyie hamjui kuhudumia wateja ukiwa umeinamisha uso. Dawa nimeshalipia. Na mimi na mchumba tuko waangalifu.

Mama Kulwa: "Waangalifu." Kulwa na Doto wangu walitokana na uangalifu huohuo.

Mpelelezi Pasiansi: Ngojeni kwanza. Huyu Nahodha mwezi uliopita alifungua uzi anauza injini ya boti, akasema yeye ni baba wa watoto watatu. Leo ni bibi harusi. Hii chai ina tangawizi na iliki.

Kijana wa Buzuruga: Nilishasema aoe 😂😂

NahodhaKirumba: Akaunti ni ya kaka yangu, ndiyo iko kwenye simu ya nyumbani. Nifungue yangu ili mniamini?

Mpelelezi Pasiansi: Weka picha ya vidonge.

Ng'wana Malimbe: Hata kama ni chai, kuna msichana anasoma hapa naye amebeba pakiti hiyohiyo. Dada, cha leo usimeze. Kesho pima mimba, kisha daktari wa ngozi, uende na pakiti yako. Mwambie na tarehe ya harusi, zipo tiba nyingine za kuanza nazo.

Mzee wa Igoma: Samahani, ile injini ipo? Nina mtu Ukerewe anatafuta.

NahodhaKirumba: Injini imeshauzwa. Kliniki ya ngozi hospitali ya Bugando ni siku gani?