MREJESHO: Mdogo wangu aliyebanwa kifua ghafla

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliuliza kuhusu mdogo wangu wa miaka 22, mrefu mwembamba, mvuta sigara, aliyeshikwa ghafla na maumivu ya kuchoma kifuani upande wa kulia akawa anahema kwa shida. Wengi mlisema vidonda vya tumbo, wengine gesi. Gesi ilikuwepo kweli, ila si tumboni! Eksirei ilionyesha hewa imevuja ikakaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu likasinyaa. Zahanati ya kwanza ilikuwa imempa vidonge vya maumivu tu.

Walimpiga ganzi ubavuni, wakapitisha mrija uliounganishwa na chupa yenye maji, ikawekwa sakafuni. Akikohoa unaona mapovu: hewa inatoka, hairudi. Siku tano nimekaa nayachungulia yale mapovu kama mtu anayesubiri maharage yaive. Yalipokoma, picha ikaonyesha pafu limejaa, wakautoa.

Daktari kasema inaweza kujirudia. Kupanda ndege asubiri ruhusa, kuzamia na mtungi wa hewa asahau, sigara aache. Hiyo ya sigara bado tunagombana.

Aliyeandika "mpelekeni akapigwe picha leo leo", asante sana mkuu.