mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) bado chanya siku ya 12 baada ya ALu (dawa mseto ya malaria): nirudie dozi?

Zahanati_Nanyumbu
Wakuu, mgonjwa ni mtu mzima, kilo 58, amerudi kutoka Msumbiji kwa kuvuka mpaka wa Mtambaswala. Hukohuko alipimwa akakutwa na malaria, akamaliza vidonge 24 vya ALu. Leo siku ya 12 ana homa nyuzi 38.4 na kichwa kinauma, ila anakula na hatapiki. mRDT yetu ni ya HRP2 peke yake: T (mstari wa majibu) imekolea kabisa. Darubini hatuna. Nimrudishie ALu?

Lenzi_ya_Mafuta
Hapana, si kwa kipimo hicho. HRP2 ni protini inayoachwa na falsiparamu, kimelea cha malaria. Vimelea vikishakufa, protini hiyo bado huzunguka kwenye damu wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi ya nne. T kukolea hakuna maana kwamba vimelea wapo hai.

Tengeneza BS (slaidi ya damu ya kusomwa kwa darubini) hapohapo, umtume mtu nayo Mangaka mjini leo. Tone zito likauke lenyewe, limelazwa, mbali na nzi. Usilianike juani wala kulisogeza kwenye moto: likishikwa na joto, chembe nyekundu hazipasuki na msomaji haoni kitu. Methanoli, ya kugandisha damu kwenye kioo, ni ya tone jembamba tu.

Mwombe msomaji aandike hatua ya kimelea, asiishie kwenye "chanya". Gametositi peke yake, zile za uzazi zenye umbo la ndizi, huchelewa kuisha baada ya ALu na hazileti homa. Trofozoiti, zile zinazokua ndani ya chembe nyekundu, ndizo za kutibu.

mistari_mitatu
Ukipata kit yenye pLDH (kimeng'enya cha vimelea hai), inasaidia, maana hiyo hutoweka siku chache baada ya vimelea kufa. Ila vimelea wakiwa wachache mstari wake hautokei, kwa hiyo slaidi bado inahitajika. Na usichanganye bafa (vimiminika) za kit tofauti, tafadhali.

Daktari_wa_Zamu
Trofozoiti zikionekana ndani ya siku 28 za ALu, mpe mseto mwingine, DHA-piperakwini, si ALu tena. Muulize pia alimezaje: vinne vinne, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na chakula? Lumefantrini iliyomo kwenye ALu, bila mafuta hainyonywi vizuri. Hata konzi ya korosho ingetosha kusindikiza.

BS ikiwa hasi, angalia kifua na mkojo, kisha rudia BS baada ya saa 12 hadi 24. Akichanganyikiwa, akapata degedege au akashindwa kunywa, usisubiri slaidi: artesuneti ya sindano, miligramu 2.4 kwa kilo (kwake kama 140), na rufaa papo hapo.

Zahanati_Nanyumbu
Nimeelewa. Tone linakauka, bodaboda anasubiri.