Naomba ushauri: dhamiri inakataa, mzee wa kanisa ananiambia saini tu

Wapendwa naombeni mnisaidie, hili jambo linaninyima usingizi. Niko stoo kwa jamaa anauza vifaa vya ujenzi, kuna mteja anapelekewa simenti mifuko 46 ila karatasi inaandikwa 50 na mimi ndo natakiwa nisaini kwamba nimehesabu. Nimekataa, bosi kaninunia, nikamfata mzee wa kanisa ananiambia we umetumwa tu, dhambi ni ya bosi.

Mdogo wangu yuko chuo, yeye anasema dhamiri ni malezi tu, ningelelewa kwingine ningesaini bila shida. Mi nikamjibu na Warumi 2:15, sheria imeandikwa mioyoni hata kwa mataifa wasio na torati, akaniuliza mbona basi moyo wa mzee wa kanisa na wako haisomi kitu kimoja, hapo nikakosa jibu. Paulo anasema kuna dhamiri dhaifu, 1 Wakorintho 8, na kuna zilizochomwa moto, 1 Timotheo 4:2, sasa ntajuaje yangu ni ipi? Halafu dogo kanitajia Rahabu, yule mwanamke wa Yeriko, alidanganya akawaficha wapelelezi wa Israeli na Waebrania 11 inamsifu kwa imani yake. Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, alishikilia kwamba kila uongo ni dhambi hata wa kuokoa mtu, ila mi naona Rahabu aliokoa roho za watu, huku ni kumwibia mtu anayejenga nyumba yake.

Mzigo mwingine unatoka mwisho wa mwezi. Mnaoyajua Maandiko, dogo nimjibuje, na bosi nimwambieje?