Mrejesho: spika za nyuma zimeanza kulia

Wakuu habari za leo, nimerudi na mrejesho. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini prosesa yangu ya sauti ya sebuleni (mashine inayopokea sauti ya TV na kuigawa kwenye spika) inatoa mlio spika mbili za mbele tu, halafu kwenye kioo cha kugusa inaandika Stereo hata nikiweka muvi ya 5.1 (sauti ya spika tano na sabufa, ile spika ya besi).

Basi mkuu aliyesema niangalie TV kwanza alipatia kabisa. Sauti ya TV ilikuwa imesetiwa PCM (sauti ambayo TV imeshaifungua), na kwa ARC ya kawaida, ile njia ya kurudisha sauti toka TV kwa waya wa HDMI, hiyo PCM inapita chaneli mbili tu, nikabadilisha kwenda Bitstream (TV inapitisha sauti bila kuifungua), hapo hapo kioo kikaandika Dolby Digital, yaani imepokea sauti ya muvi yenyewe, na spika za nyuma zikaamka, yaani mke wangu akageuka kuangalia nani kaingia!

Nikaingia menyu ya spika, nikapima umbali kwa futikamba toka kochi mpaka kila spika nikajaza, krosova (mpaka wa kugawa besi na sauti nyingine) nikaweka 80 Hz ili besi nzito iende kwenye sabufa. Maongezi sasa yanasikika vizuri mno.

Kioo bado kinagoma kidole kikiwa na jasho, nakifuta kwa kitambaa kikavu kinakubali. Asanteni sana, mmeniokolea hela ya fundi.