Eti "weka moduli halisi kwanza, ndiyo upige tena"!!!

Wakuu, nimetoka chumba cha seva sasa hivi, nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi. Jina silitaji. Mtengenezaji wa swichi zile za mtandao anajijua, na ninyi mnamjua.

Usiku nimepandisha toleo la programu ya swichi kama alivyoagiza mwenyewe. Ikazima, ikawaka. Poti ya faiba iliyofanya kazi miaka miwili bila hata kukohoa, na moduli yake (kile kidude cha kuchomeka kinachotuma na kupokea mwanga) ya kampuni nyingine, ikabaki na taa ya njano. Kwenye logi: moduli haitambuliki, poti imefungwa. Nikapiga huduma kwa wateja, nikasubiri mpaka ule muziki wao naweza kuuimba kinyumenyume. Kijana akapokea, hajauliza hata waya una urefu gani, akanijibu: "Weka moduli halisi kwanza, ndiyo upige tena."

Halisi, yaani yenye jina lao! Kwani hii niliyonayo nimeichonga kwa mti?

Ni SFP+ (moduli ya gigabiti 10) ya LR, yaani ya masafa marefu, mwanga wa nanomita 1310, waya wa singo modi (faiba ya masafa marefu), kilomita 4 tu wakati LR inafika 10. Nimeichomoa nikaichomeka kwenye swichi ya kampuni nyingine palepale, waya uleule: linki ikapanda kabla sijaondoa mkono. Mwanga unaoingia ni -6 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), na LR inasikia hadi -14.4. Ubovu uko wapi? Uko kwenye baiti ya 20 hadi ya 35 ya kumbukumbu yake, pale panapoandikwa jina la mtengenezaji. Herufi 16! Swichi ikisoma jina ikaona si la tajiri wake, inafunga mlango. Watengenezaji walikaa wakakubaliana SFP iwe na umbo moja ili tuchanganye vifaa, huyu anatudai cheti cha ukoo.

Saa nane usiku, watu wote hawana mtandao, mimi naambiwa weka halisi ndiyo upige tena. NDIYO UPIGE TENA!

FundiWaya: Pole mkuu. Ila ulisoma maelezo ya toleo kabla ya kupandisha, au ulikimbilia kitufe tu?

Mleta uzi: Nimesoma! Hakuna neno hata moja kuhusu moduli. Na hata lingekuwepo, ndiyo niambiwe niweke halisi?

Kilomita10: Baadhi ya swichi zina amri ya kuruhusu moduli za nje, imefichwa, hata ukiandika alama ya kuuliza haijitokezi. Jaribu.

BintiPoti: Au tafuta kifaa cha kuandika upya ile kumbukumbu, ibatize jina analolitaka. Usisahau hesabu ya uhakiki kwenye baiti ya 63, la sivyo itakataliwa tena.

Nyuzi_Tisa: Wewe una bahati, umeandikiwa sababu. Mimi linki ya gigabiti 25 ilinilaza sakafuni siku mbili. Kumbe upande mmoja umewasha FEC (ile ya kusahihisha makosa ya data njiani), mwingine umezima. Taa mbovu, logi kimya!

FundiWaya: FEC ni kitu cha kwanza kuangalia ukiwa na 25, mkuu. Siku mbili?!

Nyuzi_Tisa: Aliyezaliwa anajua yote asinisumbue.

Mzee wa Faiba: Mimi niliuziwa BiDi mbili (moduli za kutuma na kupokea kwenye uzi mmoja), zote zinatuma nanomita 1270 na kupokea 1330. Zote! Nani atamsikia mwenzake hapo? Muuzaji anasema nigeuze waya. Waya wenyewe uzi mmoja, nageuza nini?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Kijana kaniambia NIWEKE HALISI.

BintiPoti: Mzee, umenikumbusha aliyechomeka SR (moduli ya masafa mafupi, ya waya wa malti modi) kwenye waya wa njano wa singo modi akalia wiki nzima kwamba moduli ni feki.

Kilomita10: Nusu ya "feki" za humu ni uchafu. Futeni ncha za LC (plagi za faiba) kabla ya kulaumu watu.

FundiWaya: Futeni kwa kitu gani? Kuna wanaotumia shati.

Mzee wa Faiba: Shati!!! Huyo anyang'anywe funguo za chumba.

Nyuzi_Tisa: Samahani, nje ya mada: moduli imekatika kile kishikio cha kuvutia, imeng'ang'ania ndani ya poti. Mnaitoaje bila kung'oa na kizimba chake (kile kikasha cha chuma cha poti)?