Randa ya zamani ya Wadkin inatoa ubao wenye rasta, nakosea wapi?

MzeeWaVumbi
Wakuu, habari za jioni. Nimenunua randa ya kusimama ya Kiingereza, ile ya kusukuma ubao kwa mkono, meza yake inchi 12. Kibati kimeandikwa Wadkin, Leicester. Ilikuwa imelala kwenye karakana iliyofungwa, juu yake magunia ya mahindi. Tuliipakia kwenye Canter wanaume sita na bado kidogo itushinde.

Nina miezi mitatu nayo nyumbani hapa Moshi. Vipande vidogo vyenye kutu nilivizamisha kwenye molasi, hii ya kulishia ng'ombe inayotoka kiwanda cha sukari Arusha Chini. Lita 2 za molasi kwa lita 20 za maji, siku kumi. Harufu yake mke wangu hataisahau, lakini kutu ilitoka kwa brashi tu. Meza niliisugua kwa dizeli na msasa laini. Kilichonitesa ni beringi. Fundi aliniletea 6205, beringi za milimita, zikagoma kuingia, naye akataka kutia nyundo. Nikamzuia, nikapima: shafti ni inchi moja kamili, yaani milimita 25.4, na tundu la 6205 ni 25. Kumbe inayotakiwa ni RLS8, beringi ya inchi. Nikaagiza Dar.

Sasa inazunguka kimya kabisa. Ila ubao wa paina unatoka na rasta, yaani vibonde vinavyokatisha ubao, ukipitisha kucha unazihesabu. Visu nimenoa mara mbili.

KinyoziWaMbao
Hongera mkuu. Mimi naona kisu kimoja kimemzidi mwenzake, kwa hiyo kinakata peke yake. Zima umeme kabisa kwenye swichi kubwa. Weka kijiti kilichonyooka juu ya meza ya nyuma, kipite juu ya visu, halafu zungusha silinda inayobeba visu kwa mkono taratibu. Kisu kitakiburuta kijiti kidogo. Weka alama kilipoanzia na kilipoishia. Kila kisu kiburute umbali uleule, kulia na kushoto.

MzeeWaVumbi
Nimefanya asubuhi hii. Visu viwili, milimita 3 pande zote. Rasta ziko palepale.

MsukaMota
Shikamoo mzee. Mota ni ile iliyokuja na mashine?

MzeeWaVumbi
Marahaba kijana. Hapana, ile ilikuwa ya umeme wa njia tatu (fezi tatu) na kwangu nina njia moja. Nikanunua nyingine, hp 3 vilevile, kibati kinasema mizunguko 1440 kwa dakika. Puli sikugusa: ya mota inchi 7, ya silinda inchi 4. Ya zamani nimeihifadhi banda la kuku.

MsukaMota
Hapo ndipo penyewe. Hp umelinganisha, mizunguko hukulinganisha. Kaangalie kibati cha ile ya zamani, nadhani utakuta 2850 au karibu na hapo. Piga hesabu: 2850 mara 7, gawa kwa 4, silinda inazunguka karibu 5,000 kwa dakika. Kwa 1440 unapata 2,520. Mkono wako unasukuma kasi ileile, visu vinagusa ubao nusu ya mara zinazotakiwa, kila mkato unaacha bonde pana. Ukitaka kurekebisha kwa puli utahitaji ya karibu inchi 14 kwenye mota. Haitaingia humo.

Rudisha ya zamani. Kama imeandikwa volti 415 tu, ndani imefungwa nyota, yaani koili tatu zimekutana ncha moja mahali pamoja. Haihitaji kusukwa upya. Fundi afungue pale nyuzi tatu zinapokutana, atoe ncha zote sita nje, azifunge delta, yaani koili zishikane kama pembetatu. Hapo itafanya kazi kwa volti 240 za njia tatu, na hizo utazipata kwenye inverta ya mota (si ya sola) inayoingiza njia moja na kutoa tatu. Usiweke swichi kati ya inverta na mota. Washa na zima kwenye inverta yenyewe. Na waya wa ardhi usisahau, meza yote ni chuma.

MamaSeremala
Baba, mawili tu. Rangi ya zamani usiisugue kavu, za enzi hizo nyingi zina madini ya risasi. Na bolti ikikatika usilazimishe ya dukani: nusu inchi ya Kiingereza cha zamani ina meno 12 kwa inchi, ya Kimarekani ina 13. Inaanza kuingia vizuri, halafu inakula meno.

MzeeWaVumbi
Nimetoka bandani na tochi. 2860. Nimecheka peke yangu. Shida ni kwamba tetea ameatamia nyuma ya hiyo mota, na ukimsogelea anadonoa. Zimebaki siku tisa. Nitaleta majibu vifaranga wakishatoka.