Kwa nini bibi alikataza kuosha pipa la mbege?

Mjukuu_wa_Kibosho:
Wakuu, naomba kujuzwa. Swali hili ninalo tangu darasa la nne.

Bibi yangu alikuwa mpishi wa mbege, ile pombe yetu Wachaga ya ndizi na ulezi. Anachemsha ndizi mbivu mpaka zinageuka nyekundu, anazimimina kwenye pipa la mbao zikae siku kadhaa zichachuke, ndiyo nyangaya hiyo. Halafu anapika uji wa kimea cha ulezi, anatia magome ya msesewe kuleta uchungu, anachanganya. Hayo nayajua vizuri.

Likizo moja nikajifanya mtoto mwema. Nikalisugua lile pipa kwa sabuni ya mche na mchanga mpaka likang'aa. Bibi aliporudi toka shambani alishika kichwa kama aliyefiwa. "Umewafukuza wenyewe!" Ndizi za wiki ile zililala tu, hazikutoa povu, na zilipokuja kuamka zikawa siki. Wazee walionja, wakaweka kata chini, wakaaga.

Fimbo nilikula, maelezo sikupewa. "Wenyewe" ni akina nani? Uchafu? Mizimu?

Mangi_Mstaarabu:
Sabuni ya mche kwenye pipa la mbege? Fimbo hazikutosha, mkuu.

Fundi_Mstaafu:
Kijana, nimekaa kiwanda cha bia miaka 26, sehemu ya kuchachushia. Bibi yako alikuwa sahihi. Wenyewe ni chachu, vijidudu vinavyogeuza sukari kuwa pombe.

Sisi kiwandani tulikuwa tunaosha tangi kwa soda kali mpaka linanuka kama wodi. Lakini tukishaosha, tunaingiza chachu yetu tuliyoitunza. Bibi hakuwa na ya kuingiza. Yake ilikuwa imejificha kwenye vinyweleo vya mbao, ikisubiri ndizi za wiki ijayo. Wewe ukaitoa yote, nafasi ikachukuliwa na vijidudu vya siki.

Na usidhani wazungu walikuwa wanajua. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 ilisema bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi (maua ya kuleta uchungu) na maji. Basi! Chachu haimo kabisa, na bia ilikuwa inachachuka kila siku. Mwaka 1680 Mholanzi mmoja, Leeuwenhoek, aliiona kwa darubini yake, vidude vya duara, asijue kwamba vina uhai. Ilibidi kumsubiri Louis Pasteur, karne ya 19, ndipo ikathibitika kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai. Halafu mwaka 1883, pale Carlsberg, Copenhagen, Emil Christian Hansen akaikuza chachu safi kutokana na seli moja tu, na kiwanda kikaigawa bure hata kwa washindani wake. (Leo nani angefanya hivyo?)

Ila kisa ninachokipenda ni cha wakulima wa magharibi mwa Norway. Walikuwa na pete za vipande vya mbao. Wanazichovya kwenye bia inayochachuka na kutoa povu, wanazianika, wanazitundika. Siku ya kupika tena wanaitumbukiza ile pete, kazi inaanza. Pete hizo ndizo pipa la bibi yako.

Omwana_wa_Bukoba:
Shikamoo Fundi. Sisi kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, ndizi hatuchemshi. Tunazikanyaga kwa miguu na nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, tunakamua, tunanyunyizia unga wa mtama, tunafunika kwa majani ya migomba. Kesho yake inaunguruma yenyewe. Je, chachu inatoka kwenye mtumbwi au kwenye miguu ya baba mdogo?

Fundi_Mstaafu:
Marahaba. Mtumbwi, ndiyo, na ule mtama pia: chachu hukaa kwenye ganda la nafaka. Miguu ya baba mdogo tuiache.

Mjukuu_wa_Kibosho:
Mzee Fundi, shikamoo na asante sana. Sasa nimekumbuka jambo. Pipa lilishaoza, lakini mwiko wa bibi uko darini kwa mama, bado una ule ukoko mweusi. Bibi alifariki 2009. Chachu inaweza kuwa hai?

Fundi_Mstaafu:
Mwaka 2009 ni mbali, usitegemee sana. Lakini kwangua kidogo, tia kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari, funika kwa kitambaa, ngoja siku tatu. Ikinuka ukungu, mwaga. Ikitoa povu lenye harufu ya ndizi, njoo hapa utuambie. Na huo mwiko usiuoshe.

Mangi_Mstaarabu:
Hasa kwa sabuni ya mche.